Mwendokasi ya Tegeta: tusisubiri lami iishe ndio tuanze kupanga mabasi. Tuanzie Bunju, Madale na Goba sasa hivi

Mkazi wa Boko

Wakuu salaam. Nimeishi njia hii ya Bagamoyo toka Tegeta watu wanaiita shamba, na kila habari ninayoisoma ya awamu ya nne ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yanayopita njia yao wenyewe, ni lami, zege, mkandarasi kafika asilimia ngapi, basi. Naomba leo tuongelee mtu anatokaje nyumbani kwake mpaka aikute hiyo lami, maana mradi utaponea hapo au utafia hapo.

Kwa ambao hawajaifatilia, awamu ya nne inaanzia mjini Maktaba, inapita Ali Hassan Mwinyi, Morocco, Mwenge, inanyoosha Bagamoyo road mpaka Tegeta pale Dawasa, halafu kuna tawi la Mwenge kwenda Ubungo kwa Sam Nujoma. Jumla ni kama kilometa 30, mkopo wa Benki ya Dunia. Ni kitu kizuri na nakisubiri kwa hamu kama nyie wote. Ninachokiogopa ni pale inapoishia.

Tegeta ya leo sio mwisho wa mji tena. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa 4,364,541, ya 2022 tukawa 5,383,728, yaani watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi na hawakwenda kukaa Upanga. Wamejenga Madale, Mivumoni, Goba, Wazo, Mbweni, Boko, Bunju, wengine wamevuka kabisa mpaka wa mkoa wako Mapinga na Kerege huko. Na wa Mabwepande msisahau wengine hawakujichagulia, walitolewa bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakapewa viwanja kule porini, vibarua vyao vikabaki Kariakoo na Ilala. Mtu kama huyo nauli yake ya siku ni sehemu kubwa ya alichokitafuta, sasa ukimwambia kituo kikuu kipo Tegeta unakuwa umemsaidia nusu tu ya safari.

Kuna wanaosema tupanue barabara tumalize. Jamani tulishapanua. Mwenge mpaka Tegeta, kilometa 12.9, ilifanywa njia nne kwa msaada wa Japani ikazinduliwa 2014, mwaka wa kwanza watu tulikuwa tunateleza mpaka tunashangaa, baada ya hapo kila mwenye kiwanja Salasala na Madale akaona kumbe panafika, akajenga, akanunua gari, na foleni ikarudi palepale. Na sio kosa la mtu, ni hesabu ya kawaida tu, mitaa yote ile ya Goba, Makonde, Africana, Salasala, Mbuyuni, Kibo inatapika magari kwenye barabara moja, na ukifika Lugalo kuna ardhi ya jeshi huna pa kuchepukia. Gari binafsi nyingi unazoziona pale asubuhi zina mtu mmoja au wawili. Basi moja refu la mita 18 linabeba watu karibu 150. Hakuna idadi ya njia za gari itakayoshindana na hilo.

Kwa hiyo mabasi ni sawa, tumekubaliana. Sasa tuangalie wenzetu waliotangulia yamewakuta nini.

Kimara, awamu ya kwanza kwenye Morogoro road, walianza Mei 2016, kilometa 20.9, mabasi 140 wakati mahesabu ya awamu nzima yalikuwa yanataka 305. Mengine 70 yakaletwa 2018 yakakwama bandarini kwa mvutano wa kodi. Na mpango uliweka mwisho wa njia Kimara wakati mji ulikuwa unaelekea Mbezi, Kibamba mpaka Kibaha. Matokeo yake mnayajua, basi linajaa Kimara Mwisho asubuhi, mtu wa Korogwe, Baruti na Kona anasimama kituoni anaangalia mabasi yanampita milango imebana watu. Miaka ikaenda, mabasi yakazeeka, mengine yakaliwa na mafuriko ya depo yao pale Jangwani, mpaka mwanzoni mwa Oktoba 2025 watu uvumilivu ukawaisha mabasi yakarushiwa mawe, serikali ikabidi ihamishie kule mabasi mapya yaliyokuwa yameletwa kwa ajili ya Mbagala.

Mbagala nao, awamu ya pili, ndio mfano mchungu zaidi. Zege lilikamilika, vituo vikasimama, halafu barabara ikakaa bila mabasi, boda wakawa wanapita humo na watoto wanacheza, huku pembeni kwenye lami ya kawaida daladala zimejaa watu wananing'inia mlangoni. Mabasi yalikuja kuanza kubeba abiria Oktoba 2025. Hiyo ni pesa ya mkopo ililala jua na mvua.

Sasa niambieni, sisi wa Bagamoyo road nani anapanga mabasi yetu leo? Depo ya mabasi itakuwa wapi? Daladala za Bunju zitaenda wapi siku mwendokasi ikianza? Za Madale je? Nauli ya mtu anayepanda gari mbili itakuwa moja au mbili? Haya ndio maswali ya sasa, sio ya siku ya kukata utepe.

Mimi pendekezo langu ni hivi. Mwisho wa zege uwe Tegeta sawa, lakini mwisho wa basi usiwe Tegeta. Basi la mwendokasi lianzie Bunju B na mengine Madale, litembee kwenye lami ya kawaida na magari mengine mpaka Tegeta, likifika hapo liingie njia yake linyooke mpaka mjini, abiria asishuke. Foleni mbaya yetu asubuhi inaanza kukaza kuanzia Tegeta kuja Mwenge, kwa hiyo kule juu basi halipotezi sana. Kimara ilibidi waje kufanya hivyo baadaye, wakapeleka mabasi Mbezi na Kibaha, sisi tufanye toka siku ya kwanza.

La pili, mabasi yasianzie yote mwisho wa njia. Asubuhi yatengwe yanayoanzia katikati matupu, Africana au Makonde, ili wa katikati nao waonje. Hili halihitaji zege, ni ratiba tu na mtu wa kuisimamia.

La tatu ni daladala na hili ndio gumu, nitaliachia wanaolijua.

---

Deiwaka Makumbusho

Mkuu umeandika ukweli mtupu. Mimi nimeendesha daladala ya Kosta, ruti ya Bunju Makumbusho, muda mrefu, saivi nimepumzika, acha niseme upande wa huku kwenye usukani maana watu wanatuona wahuni tu.

Gari sio ya dereva. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake, kiasi alichokupangia, kila jioni, mvua inyeshe, foleni iwepo, trafiki wakukamate, hesabu iko palepale. Mafuta yangu, konda wangu, kinachobaki ndio chetu. Sasa asubuhi nikitoka Bunju nikakaa kwenye foleni Lugalo mpaka jua linachoma, tripu niliyotegemea kupiga imekufa. Nitaifidia wapi? Ndio nakatisha ruti nageuzia Mwenge. Ndio namkataa mwanafunzi wa shilingi 200 kwa sababu siti yake ingekaa mtu mzima. Sio roho mbaya, hesabu inanikaba.

Na mnaona watu wanavyogeuza na gari? Jioni Makumbusho mtu anaenda kuidaka gari kule inakotokea, anakaa nayo inazunguka, analipa nauli mbili ili tu apate siti ya kurudi Bunju. Dirishani wanapita wanaume wanarusha mabegi, mama mwenye mtoto mgongoni anabaki chini anaangalia. Ile nauli ya pili watu wanalipa kila siku bila risiti na hakuna mpango wowote wa usafiri unaoihesabu.

Sasa serikali ikija na ile ya "daladala tokeni barabara kuu kuanzia Jumatatu" kama Morogoro road, madereva tutahamia wapi? Wenzetu walitawanywa kwenye ruti ambazo hazina abiria wakafa kimya kimya. Wakitaka tuwalishie mwendokasi watu kutoka Madale na Mabwepande tuko tayari, ila watulipe kwa kilometa tulizotembea, sio kwa vichwa. Ukinilipa kwa kilometa nitaondoka stendi na watu watano kwa muda uliopangwa, sitakaa napiga debe nasubiri ijae.

---

Mkazi wa Boko

Mzee wangu hapo kwenye kulipwa kwa kilometa umegusa moyo wa jambo lenyewe. Na sio kitu kigeni, awamu ya kwanza wenye daladala kupitia vyama vyao kama DARCOBOA waliingizwa kwenye kampuni ya kuendesha mabasi toka 2014, ila waliingizwa kwa hisa juu, dereva na konda wa kawaida hakuona kitu. Kwetu iwe mkataba wa ruti: ruti ya Madale mpaka Tegeta inahitaji Kosta kadhaa, ziondoke kila baada ya dakika kadhaa kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tano usiku, atakayeshinda zabuni analipwa kilometa, akikatisha ruti anakatwa. LATRA wanaosimamia leseni na nauli, na DART wenye mradi wa mwendokasi, wanaweza kukaa meza moja wakaiandika hii kabla hata zege halijakauka.

---

Mama Salasala

Habari kaka zangu. Naona mnaongelea barabara kuu tu. Mimi shida yangu inaanza getini. Kutoka ndani Salasala mpaka lami kubwa ni bajaji, na bajaji asubuhi anakupandisha bei akiona umevaa nguo za ofisini na una haraka, mvua ikinyesha ndio usiseme. Nikijumlisha kwa mwezi, kile kipande kifupi kinanila karibu sawa na safari yote ya kutoka Africana mpaka Posta. Kwa hiyo mkiniambia mwendokasi itanifikisha mjini haraka nashukuru, lakini kipande kinachoniumiza hakijaguswa.

Naomba yawekwe haya. Tiketi iwe moja, nikilipa Kosta ya Salasala ile ile inifungulie geti la mwendokasi Africana ndani ya saa moja au mbili. Kadi ipo, mashine zipo, ni uamuzi tu. Njia ya kutembea kwa miguu yenye taa kutoka mitaani kuja kituoni, maana jioni saa mbili mwanamke kutembea pale kwenye uchochoro wa ukuta kwa ukuta ni kujiombea tu. Na vivuko vya barabara vya kweli, watoto wa shule wanavuka Bagamoyo road mbio mbio, barabara ile ilipopanuliwa ikawa pana na magari yakawa yanakimbia, tumezika watu jamani.

---

Mtu wa Reli

Kwa nini tunang'ang'ania mabasi? Dar ni jiji kubwa, tujenge treni ya mjini Posta Bunju tumalize. Treni ya Mwakyembe, ile ya mjini iliyoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilianza Oktoba 2012 kwa vichwa vya zamani na reli ya zamani na watu waliipenda.

---

Mkazi wa Boko

Mkuu treni ile ilipendwa kweli na ilisaidia sana watu wa Ubungo Maziwa na wa upande wa TAZARA, lakini angalia ilipita wapi, ilipita kwenye reli iliyokuwepo tayari. Upande wetu wa kaskazini hakuna reli ya abiria, hata SGR, reli mpya ya kisasa, imetoka kwa Pugu kuelekea Morogoro. Kuanza kutafuta ardhi ya reli leo kutoka Posta mpaka Bunju ni fidia ya nyumba na maghorofa kuanzia Kinondoni mpaka Boko.

Na Addis Ababa ni somo la karibu. Walifungua treni ya mjini 2015, mistari miwili, kilometa 34, treni 41, tukawaonea wivu wote. Baada ya miaka michache treni nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri, watu wakarudi kwenye foleni za mabasi madogo. Basi likiharibika fundi yupo na barabara inaendelea, treni ikiharibika inaziba reli na kipuri kinasubiri fedha za kigeni. Sisemi treni isije kabisa. Nasema kama kuendesha mabasi 140 kulitushinda, kuna kazi ya uendeshaji tujifunze kwanza, na hiyo kazi ndio ileile itakayoendesha treni baadaye.

---

Kijana wa Kunduchi

Je, boti? Bahari hii hapa, Kunduchi, Mbweni, mpaka Bagamoyo.

---

Mkazi wa Boko

Dogo, boti nazipenda na Kigamboni zimesaidia, lakini pale watu wako pwani pande zote mbili na maji ya kuvuka ni mkono mwembamba tu wa bahari. Huku watu wengi wako upande wa juu wa barabara, Goba, Madale, Wazo. Mtu wa Madale ashuke mpaka ufukweni Kunduchi apande boti mpaka Feri halafu atafute usafiri tena wa kwenda Kariakoo? Tulishanunua kivuko cha MV Dar es Salaam kwa ajili ya safari za Bagamoyo, na hakikudumu kwenye hiyo njia. Iwe nyongeza kwa wa Kunduchi na Mbweni, uti wa mgongo hapana.

---

Jirani wa Githurai

Niaje watu wa Dar. Nawasoma kutoka Nairobi na hii story yenu ni yetu kabisa. Thika Road ilipanuliwa ikaisha 2012, lane hadi nane na service lane kando, serikali ikasema jam imekwisha. Tukajenga maploti Kasarani, Kahawa, Ruiru, Juja, hizo apartment unaona zimejipanga hadi mbali. Saa hii asubuhi ukitoka Githurai bado unakwama Roysambu na ukishafika Pangani unajua utachelewa kazi. Wakati walijenga hiyo barabara hawakuwacha lane ya basi, ndio wakaanza kuja kuchimba katikati tena waweke vituo vya BRT, hiyo mwendokasi yenu, na mabasi yenyewe bado tunangoja. Nyinyi angalau lane mnaweka. Msikubali ikae tupu kama hiyo ya Mbagala, maana ikikaa tupu wakubwa wataanza kuipita na magari zao na siku basi zikija hawatatoka.

Kitu kingine, matatu zetu tatizo sio gari, ni stage, yaani vituo. Zikisimama tatu mahali moja kuchukua watu lane mbili zimeisha. Angalieni mahali gari zenu zinasimama kwanza kabla ya kila kitu.

---

Deiwaka Makumbusho

Huyu jirani amesema la maana. Mwenge pale, na Africana, na Tegeta Kibo, vituo ni vifupi, zinaingia Kosta chache nyingine zinabaki na mkia barabarani. Na sasa ujenzi umebana njia ndio kabisa. Kurefusha vituo na kuweka mtu wa kuzipanga gari ni kazi ya mwezi mmoja tu sio ya mkopo.

---

Mkazi wa Boko

Nakubaliana na nyie wote wawili, na ndio nilitaka kufika huko, kwamba yapo ya kufanya sasa wakati ujenzi unaendelea. Nimekuwa nasimama asubuhi pale Tegeta Nyuki naangalia. Gari inafika imejaa toka Bunju, konda anagonga bati dereva asisimame, wanaosubiri wanasogea mbele kidogo kufata nyingine, wanasogea tena, mwishowe watu wako katikati ya lami wanaziba magari yaliyo nyuma yao. Foleni ya pale kwa sehemu kubwa inatengenezwa na watu waliokosa gari. Ukileta mabasi matupu kumi tu yaanzie pale saa kumi na mbili asubuhi, hata gari binafsi zitapita haraka.

Kwa hiyo mabasi makubwa yasiyosimama simama, Tegeta mpaka Posta, mengine Tegeta mpaka Kariakoo, yapewe leseni sasa hivi na wenye mabasi waliopo. Trafiki kule mbele wayape kipaumbele kwenye mataa ya Mwenge na Morocco kama wanavyofanya kwa misafara. Na vipande vya zege vilivyokwishakauka vifunguliwe kwa mabasi ya abiria tu pale inapowezekana kwa usalama, hata kama ni kilometa mbili, mbili nyingine baadaye.

Na wa Boko Basihaya wenzangu mnajua, mvua za masika zikija maji yanakata barabara. Mabasi yetu yakianzia Bunju bila mitaro kupanuliwa Basihaya, tutapata Jangwani nyingine ya huku kwetu.

---

Mama Salasala

Kaka, na wanafunzi? Usiwaache. Hao ndio wanaotoka giza na kurudi giza.

---

Mkazi wa Boko

Asante dada. Kwenye mkataba wa kilometa mwanafunzi hana tofauti na mtu mzima kwa dereva, anapanda tu, tofauti ya nauli inabebwa na mfuko wa mradi. Ndio maana nimesema la Deiwaka ni moyo wa jambo, linatibu mwanafunzi, linatibu kukatisha ruti, linatibu kupiga debe, yote kwa mpigo.

Naandaa barua ya kupeleka kwa wenyeviti wa serikali za mitaa wa Bunju, Boko, Wazo na Madale, ifike kwa diwani, kwa mbunge na DART. Naomba kila mtu aandike hapa chini vitu vitatu: unapandia wapi, unashukia wapi, na unabadili gari mara ngapi. Msiandike majina wala namba za nyumba, mtaa tu unatosha.

---

Kijana wa Kunduchi

Mtongani, nashukia Kariakoo Gerezani, nabadili mara moja Mwenge, ikikatisha ruti mara mbili.

---

Mwanamivumoni

Mivumoni ndani, nashukia Muhimbili. Boda mpaka Madale, Kosta mpaka Tegeta Kibo, nyingine mpaka Makumbusho, halafu nyingine. Zamu yangu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Kwenye barua ongeza kwamba gari ya kwanza Madale iwepo kabla ya saa kumi na moja, kuna manesi, walinzi na wapishi wengi tunatoka huku.